Keto ya kila siku, keto ya siku za kazi, au matoke kidogo tu: uchague ipi?

Swali hili naulizwa karibu kila wiki na wanawake tunaouza nao vitenge hapa Kiyembe, Kampala: "Dada, hii keto si naweza kuifanya Jumatatu hadi Ijumaa, halafu Jumamosi na Jumapili nile chakula chetu?" Anayeuliza ana kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) ya mdogo wake Jumamosi, Jumapili ana wakwe, na hataki kuketi mbele ya matoke yanayofuka mvuke kwenye majani ya mgomba huku yeye anatafuna tango. Namwelewa kabisa. Nilikula keto kamili, yaani chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo sana, kwa wiki sita, kisha keto ya zamu kwa karibu miezi miwili, na tangu hapo nimehamia njia ya tatu. Nitazilinganisha zote tatu kama nilivyozipitia, pamoja na yale niliyojifunza baadaye kuhusu mwili unavyofanya kazi, ambayo ningefurahi sana kama mtu angeniambia mwanzoni.

Mwiko wa matoke una nini

Jumapili moja nilichukua mzani mdogo wa jikoni nikapima kile ninachopakua kila siku bila kufikiri. Mwiko mmoja wa matoke ya kuponda ulitoka gramu 170. Mimi hupakua miwili, mume wangu mitatu. Matoke yaliyopikwa yana wanga wa gramu 25 hadi 30 hivi katika kila gramu 100, kutegemea maji yaliyobaki ndani. Kwa hiyo sahani yangu ilikuwa na wanga wa gramu 90 kabla sijagusa wali uliokuwa pembeni. Na huku kwetu wali huwa pembeni kweli: sahani moja ya Kampala hubeba matoke, wali, posho (ugali) na kipande cha kiazi, na hakuna anayeona ajabu.

Sasa linganisha. Keto kamili inataka wanga usiozidi gramu 50 kwa siku nzima, na wengi hushuka hadi 20. Chapati moja ya rolex, ile inayoviringishwa na mayai, peke yake inakaribia gramu 40. Soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 na ushei. Chai ya maziwa, kikombe kikubwa cha mililita 250 cha maziwa matupu, kina gramu 12 kabla hujatia hata kijiko cha sukari.

Kwa nini gramu hizo ziwe na uzito? Ini huhifadhi akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, karibu gramu 100, na misuli huhifadhi 400 hivi. Kila gramu ya akiba hiyo hushikana na maji ya gramu 3 au zaidi. Ukikata wanga, akiba ya ini huisha kwa takriban siku moja, maji yake hutoka kwenye mkojo, na ini huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni ili ubongo upate nishati. Mpaka ketoni zifike kiwango kinachoitwa ketosisi, yaani kuanzia milimoli 0.5 kwa lita ya damu, watu wengi huhitaji siku 2 hadi 4. Kutoka humo ni rahisi zaidi kuliko kuingia: sahani moja ya matoke inapandisha insulini, na ndani ya saa chache ini limepunguza kutengeneza ketoni.

Zishike hizo siku 2 hadi 4. Ndizo zinazoamua kama keto ya nusu wiki ni keto.

Keto kamili: inafanya kazi, na inadai kila kitu

Sitaki kuisema vibaya, maana ilinifanyia jambo ambalo sikuwahi kulipata kwa njia nyingine: njaa ilinyamaza. Kuanzia wiki ya pili nilikuwa nakula mayai matatu asubuhi yaliyokaangwa kwa samli ya Ankole, nafika saa nane mchana sijawaza chakula. Ketoni zenyewe huaminika kupunguza hamu ya kula, na protini ya kutosha pia hushibisha. Kwa wiki sita nilipungua kilo tano na nusu, ingawa najua sasa kwamba karibu mbili za kwanza zilikuwa maji.

Na Uganda si nchi mbaya kwa keto kama watu wanavyodhani. Una sato na sangara wa ziwani, mukene (dagaa), mbuzi wa muchomo (wa kuchoma) bila muhogo wake, mayai, samli, simsim, parachichi ambalo gramu 100 zake zina wanga wa gramu 2 tu ukiondoa nyuzinyuzi, na mboga za majani ambazo wenzetu wa nchi baridi wangezionea wivu: nakati, dodo, bbuga, kabichi, pamoja na malewa ya Bugisu (machipukizi ya mianzi) na ntula (nyanya chungu). Mchuzi wa karanga unaingia kwa kipimo, maana karanga zina wanga wa gramu 16 kwa 100 na nusu yake ni nyuzinyuzi. Ila mkono ukiteleza kwenye kijiko, hesabu imevunjika.

Kinachouma ni maharage. Yanatoka. Kikombe cha maharage yaliyochemshwa kina wanga wa gramu 40 ndani yake, zikiwemo nyuzinyuzi, na hapo siku yako imekwisha. Kwa familia inayotegemea maharage kama protini yake, kuyaondoa maana yake ni kununua samaki na nyama kila siku. Bajeti yangu ya jikoni ilikaribia mara mbili, na hiyo ni kwa mtu mmoja tu aliyebadilisha chakula. Watoto na baba yao waliendelea na posho yao.

Wiki ya kwanza niliumwa kichwa, misuli ya miguu ilikaza usiku, na nilichoka kama mtu anayeanza malaria. Nilikwenda kupima malaria, sikuwa nayo. Insulini ikishuka, figo hutoa chumvi nyingi pamoja na yale maji. Supu ya mifupa yenye chumvi ya kutosha iliniondolea nusu ya mateso hayo kwa siku moja.

Halafu kuna jambo la wakwe. Mama mkwe wangu aliniandalia matoke, nikasema asante mama, nitakula mboga. Hakusema neno. Alifunika tena majani yake juu ya chungu, taratibu, akakaa. Nilijua nimemwumiza, na hakuna kipimo cha ketoni kinachoonyesha gharama ya namna hiyo.

Je, faida inalingana na bei hiyo? Kwa kupunguza uzito tu, ushahidi mzuri ninaoujua unasema ni nadra. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya utafiti wa watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12: kundi moja lilipunguza mafuta, jingine likapunguza wanga, wote wakila vyakula vizuri visivyotoka kiwandani. La kwanza lilipungua wastani wa kilo 5.3, la pili kilo 6.0. Tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua sana na walioongezeka. Kundi la wanga kidogo halikukaa kwenye keto mwaka mzima, kwa hiyo utafiti huo haumalizi mjadala wa keto yenyewe, lakini uliniondolea hofu kwamba nje ya ketosisi hakuna wokovu.

Keto ya Jumatatu hadi Ijumaa: fuata kalenda uone

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndilo swali lenyewe.

Jumapili jioni umekula kwa wakwe. Jumatatu unakata wanga. Mwili unatumia akiba ya jana, hujaingia popote. Jumanne kichwa kinaanza kugonga. Jumatano labda ketoni zimeonekana, labda bado. Alhamisi umeingia. Ijumaa umeingia, na kama wewe ni wa Kibuli kama mimi, Ijumaa baada ya swala kuna pilau ya mtu fulani. Umetoka. Katika siku saba umekuwa ndani ya ketosisi siku mbili, pengine moja na nusu, na ile homa ya kuanza keto umeilipia wiki nzima. Wiki ijayo unailipia tena.

Hivi ndivyo nilivyoishi kwa karibu miezi miwili. Mzani wangu ulisoma 78.2 Ijumaa asubuhi na 80.1 Jumatatu. Wiki iliyofuata, 78.0 na 79.8. Nilikuwa nalia, kweli nalia, Jumatatu asubuhi bafuni, nikiamini nimerudisha mafuta kilo mbili kwa siku mbili. Hayakuwa mafuta. Ilikuwa akiba ya wanga ikijaa tena na kushika maji yake. Kama ningejua hivyo, nisingejiadhibu kwa kuacha chakula cha mchana kila Jumatatu.

Hata hivyo, yako mafuta halisi yanayoweza kurudi, na hesabu yake ni rahisi. Tuseme siku za kazi umepunguza kalori 400 kila siku. Kwa siku tano ni 2,000. Jumamosi kwenye kwanjula kuna pilau, chapati, nyama ya kukaanga, soda mbili na keki. Jumapili kuna mengine. Kalori 2,000 za ziada hurudi kwa siku hizo mbili bila mtu kuhisi kwamba amekula kupita kiasi, hasa akiwa ametoka siku tano za kujinyima na moyo unasema hii ni haki yangu. Tena ulimi umeshazoea samli nyingi za katikati ya wiki, kwa hiyo unaitia na kwenye pilau.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi sana. Mtu aliyekula mafuta mengi na wanga kidogo kwa siku kadhaa, akipewa sukari nyingi ghafla, sukari yake ya damu hupanda juu kuliko kawaida yake, kwa sababu mwili umezoea kuchoma mafuta. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwapa vijana tisa wenye afya chakula cha namna hiyo kwa siku saba, kisha wakawapa kinywaji chenye glukosi ya gramu 75. Baadaye waliona kwenye damu dalili za kuumia kwa utando wa ndani wa mishipa. Vijana tisa ni wachache na siku saba ni chache. Simtishi mtu aliyekula kipande cha keki. Lakini ni sababu ya kutoifanya hali hiyo kuwa ratiba ya kila Jumamosi kwa mwaka mzima.

Je, haina faida yoyote? Inayo. Siku tano bila soda, bila chapati ya asubuhi, bila sukari vijiko vitatu kwenye chai ni siku tano njema. Ila faida hiyo inatoka kwenye soda uliyoiacha, na ungeipata hata ukibakiza mwiko mmoja wa matoke mchana. Hilo ndilo ninalotaka dada zangu walisikie: wengi wanateseka kuifukuza ketosisi wasiyoifikia, wakati kilichowapunguza uzito kilikuwa pembeni kabisa.

Ipo keto legevu ninayoikubali. Mtu aliyekwisha kukaa kwenye keto kamili miezi kadhaa, mwili umezoea, anakula pilau ya Idi au chakula cha Krismasi, kesho yake anarudi kwenye mayai yake. Kwake kurudi mara nyingi ni rahisi kuliko ilivyokuwa mara ya kwanza, na siku tatu za sherehe katika miezi mitatu hazivunji kitu. Wanamichezo nao wana yao: hula wanga wa gramu 20 au 30 kabla ya mazoezi mazito. Kwa sisi ambao mazoezi yetu ni kupanda ngazi na robota la vitenge kichwani, tuipite.

Wanga kidogo kila siku: isiyo na jina zuri

Njia ya tatu haivutii mtandaoni kwa sababu haina vijiti vya kupima mkojo wala rangi ya zambarau ya kupiga picha. Unakula wanga wa gramu 80 hadi 130 kwa siku, siku zote saba, ukiwa na wakwe au bila wakwe.

Siku yangu sasa ni hivi. Asubuhi mayai mawili na nusu chapati, gramu 20. Mchana mwiko mmoja wa matoke, gramu 45, nusu ya sahani ikiwa dodo na nakati, na samaki au kikombe nusu cha maharage, gramu 20. Jioni mboga, supu, parachichi, kipande cha papai. Chai bila sukari. Hilo lilinichukua wiki mbili za huzuni, sasa ya sukari siiwezi. Jumla inakaa karibu na 100. Sipo kwenye ketosisi na sijidanganyi kwamba nipo. Napungua polepole, kilo moja na nusu hivi kwa mwezi, na Jumatatu asubuhi mzani hauna habari mpya.

Kinachosaidia sana ni kubadilisha wanga bila kuondoka mezani. Kwa gramu 100 za chakula kilichochemshwa, muhogo una wanga wa gramu 38 hivi, wali 28, matoke 25 hadi 30, kiazi kitamu 18. Yaani ukichukua kiazi badala ya muhogo wa uzito uleule, umekata nusu na hakuna aliyekuona. Posho inategemea ilivyosongwa. Ile ngumu ya kukatika kwa kijiko ina nyingi zaidi.

Udhaifu wake nausema wazi: njaa hainyamazi kama kwenye keto, na mtu asiyepima anajikuta mwiko umekuwa miwili. Mimi nimeweka mwiko mdogo wa mbao kwa ajili yangu. Mkubwa ni wa wengine.

Ambao zamu ni hatari kwao

Mama yangu mdogo wa Bombo ana kisukari na alikuwa anameza glibenclamide. Alinisikia nikiisifu keto yangu ya Jumatatu hadi Ijumaa, akaanza Jumatatu bila kumwambia mtu. Jumanne saa tano asubuhi binti yake alimkuta ameketi kwenye mkeka, jasho jingi, mikono inatetemeka, hajibu sawasawa. Walimpa maji ya sukari wakamkimbiza hospitali, akapona. Dawa ile huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hukula wanga, na dozi yake ilikuwa imepangwa kwa mtu anayekula posho. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuandika haya yote.

Kwa hiyo kama unatumia insulini, glibenclamide au glimepiride, usikate wanga kabla daktari hajapanga upya dozi. Na kupanga dozi kwa mtu ambaye Jumatano ana gramu 20 na Jumamosi ana 300 ni kazi ngumu mno. Dawa za kisukari kama dapagliflozin na empagliflozin ni jambo jingine: zikikutana na keto zinaweza kuleta damu yenye asidi ya ketoni, ambayo huua, na huweza kutokea hata sukari ikiwa haijapanda sana. Kupunguza wanga kwenyewe kunawafaa wengi wenye kisukari cha aina ya pili. Ripoti ya Shirika la Kisukari la Marekani ya mwaka 2019 ilisema hivyo waziwazi. Lakini kiwe kiwango kinachofanana kila siku, na daktari ajue. Mama mdogo sasa anakula matoke mwiko mmoja, kila siku, na dozi yake imebadilishwa.

Anayemeza dawa za presha naye amwone daktari kwanza, maana chumvi na maji vikitoka presha inaweza kushuka mno. Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu keto kwa ushauri wa rafiki. Na ukiwa umepangiwa kipimo cha sukari cha kunywa glukosi, kula wanga wa kawaida, angalau gramu 150 kwa siku, kwa siku tatu kabla yake. La sivyo kinaweza kukusomea kisukari usichokuwa nacho.

Kifafa kinasimama peke yake. Keto ilizaliwa huko: jina lake lilitolewa mwaka 1921 na Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipotafuta chakula kitakachoiga matokeo ya kufunga kula kwa wenye degedege. Mwaka 2008 utafiti wa London wa watoto 145 ulionyesha kwamba baada ya miezi mitatu, asilimia 38 ya waliopewa chakula hicho walikuwa wamepunguziwa degedege kwa zaidi ya nusu, dhidi ya asilimia 6 ya waliokuwa bado wanasubiri. Kwa mtoto huyo hakuna wikendi. Biskuti moja ya jirani mwenye huruma inaweza kurudisha degedege siku hiyohiyo, na chakula chake hupimwa kwa gramu chini ya uangalizi wa hospitali.

Kama ungekuwa umekaa nami dukani

Ningekuuliza unakula wapi Jumapili. Kama wiki yako ina sherehe moja au mbili za lazima, na wengi wetu ndivyo tulivyo, ningekuambia uache keto ya siku za kazi na uanze na wanga kidogo kila siku, mwezi mmoja, kwa mwiko mdogo. Kama unaishi peke yako, unapika mwenyewe, huna dawa unayomeza na njaa ndiyo adui yako mkubwa, keto kamili kwa miezi mitatu ni jaribio la haki. Ila andaa chumvi na pesa za samaki, na upime kolesteroli kabla na baada, kwa sababu kuna watu ambao ile mbaya, LDL, huwapanda sana. Ramadhani si mwezi wa kuanzia: kufunga bila maji mchana kutwa na kupoteza chumvi kwa keto ni mizigo miwili kwa punda mmoja.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa mama mkwe, Mukono. Nilikwenda mapema nikamsaidia kumenya. Alipofunua majani nikamwambia mama, nipakulie wewe, mwiko mmoja, lakini dodo nijazie. Alicheka, akachota kutoka katikati ya chungu, pale panapobaki laini na pa manjano, akaniwekea.